Uzi: Meneja aliyezunguka nchi nyingi huifaidi kweli kampuni tanzu? Niliyoyaona Kibaigwa na Singida

Karani wa Mizani (mleta mada), Dodoma

Wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kampuni tanzu ya kigeni, yaani tawi linalomilikiwa na kampuni mama iliyo nje, inayonunua alizeti na nafaka katika mikoa ya Dodoma na Singida. Nilianza nikiwa karani wa mizani, na sasa nasimamia ununuzi. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu. Katika muda huo nimewapokea mameneja wakazi wanne kutoka nje, na kila alipoteremka mmoja wapo nilijiuliza swali ambalo leo nimeona nililete hapa tulijadili kwa utulivu: je, meneja aliyekwisha kufanya kazi katika nchi za watu kabla ya kuletwa kwetu huifaidi kampuni tanzu kuliko yule ambaye hii ndiyo safari yake ya kwanza? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kinachopaswa kuhesabiwa si idadi ya nchi wala ya miaka, bali ni kazi gani hasa mtu alifanya huko na ni nani waliokuwa wakimsahihisha.

Nitawaeleza wawili kati ya hao wanne.

Wa kwanza alikuja na miaka kumi na mitano ya kazi katika nchi nne za Ulaya na Amerika ya Kusini, na wasifu wake ulisomwa mbele yetu sote siku ya kumkaribisha. Wiki ya pili nilimpeleka Kibaigwa. Kwa wasiopafahamu, soko la nafaka la Kibaigwa liko wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kuja Dodoma, na wakati wa msimu malori hupanga foleni hapo tangu alfajiri. Alisimama karibu na mizani kama saa moja, akawatazama madalali wakipokea magunia na kuhesabu fedha, kisha akaniambia kwamba tangu siku ile tusinunue tena kwa dalali. Tungefunga mikataba na wakulima wenyewe, kama alivyofanya huko alikotoka, ambako mpango huo ulikuwa umempatia tuzo.

Hakuwa mtu mbaya wala mvivu, na wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Lakini huko alikotoka mkulima mmoja alikuwa na mamia ya hekta, trekta lake na akaunti yake ya benki, ilhali mkulima wa alizeti wa Ikungi au Mkalama ana ekari mbili au tatu, na mavuno yake yamekaa nyumbani katika magunia manane. Dalali tunayemlaumu kila siku ndiye aliyemkopesha fedha ya palizi mwezi Februari, ndiye mwenye magunia matupu, na ndiye anayejua njia ipi ya ng'ombe inapitika kwa Fuso baada ya mvua. Unapomwondoa, kazi zote hizo zinabaki bila mtu. Tulituma vijana wenye fomu za mikataba vijijini, wakulima wakazisaini kwa heshima zote, na ulipofika wakati wa kuvuna mzigo ukaenda kwa yule waliyekuwa na deni lake. Msimu ule maghala yetu mawili yalibaki na nafasi ambayo mtu angeweza kuchezea mpira.

Wa pili alikuwa mama mmoja ambaye wasifu wake haukusomwa mbele ya mtu yeyote, maana haukuwa mrefu. Nje ya kwao alikuwa amefanya kazi nchi moja tu, Malawi, miaka minne, akisimamia maghala ya karanga na soya, si ofisi. Siku ya tatu alikwenda ghalani, akaketi juu ya rundo la maturubai akiwa na daftari, akamwuliza mzee wetu wa upakiaji: mwaka jana gari la mwisho lilikwama wapi, na lilikwama tarehe ngapi? Mzee yule alikuwa amewapokea mabosi tangu enzi za vyama vya ushirika, na aliniambia jioni ile kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Walikaa mpaka adhuhuri. Ndani ya daftari lile kulikuwa na orodha ya madaraja na makorongo kati ya Manyoni na Singida, ambayo mimi mwenyewe, mwenyeji, sikuwa nimewahi kuiandika.

Jambo kubwa zaidi alilolifanya halikutokea ghalani. Makao makuu yalikuwa yakitugawia fedha za ununuzi kwa robo nne za mwaka zilizo sawa. Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kuanzia Mei na Juni, na bei huwa rafiki katika wiki za mwanzo, kabla walanguzi hawajakusanya. Kwa miaka mingi tulikuwa na fedha nyingi wakati wa kifuku, ambapo hakuna cha kununua na barabara hazipitiki, na fedha kidogo mwezi Juni. Tulikuwa tumeandika barua kuhusu hili, na tulijibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa kampuni nzima. Mama huyu hakuandika barua. Alimpigia simu mtu wa idara ya fedha kule makao makuu ambaye walikuwa Malawi pamoja, mtu aliyekwisha kushuhudia kwa macho yake ghala tupu lenye fedha na ghala lililojaa wakulima lisilo na fedha. Mazungumzo yalichukua kama dakika ishirini. Mwaka uliofuata fedha zetu zilikuja Mei.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzoefu wa nje huingia katika kampuni tanzu kwa milango miwili. Wa kwanza ni ule wa meneja mwenyewe: anajifunza kutokuamini kwamba alichokizoea ndicho kilivyo kila mahali. Wa pili, ambao huzungumzwa kidogo, ni wa yule anayebaki makao makuu. Kampuni tanzu huhukumiwa kwa ripoti, na ripoti husomwa na watu. Msomaji ambaye hajawahi kuishi mahali ambapo mvua inafunga barabara ataiona takwimu ya Machi kuwa ni uzembe. Aliyewahi kuishi huko atauliza kuhusu barabara kwanza.

Wasomi wa biashara za kimataifa wameligusa hili zamani. Mwaka 1977, mwaka uleule CCM ilipozaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika, watafiti wawili, Edström na Galbraith, walieleza kwamba kampuni huhamisha mameneja kati ya nchi kwa sababu tatu: kujaza nafasi ambayo mwenyeji mwenye ujuzi hajapatikana, kumkuza meneja mwenyewe, na kuijenga kampuni kwa kuunganisha watu wa matawi mbalimbali ili wajuane na kupigiana simu bila kupitia ngazi kumi. Mwaka huohuo Johanson na Vahlne wa Uppsala, Sweden, walieleza kwamba kampuni huingia nchi za nje hatua kwa hatua, kwa sababu maarifa muhimu zaidi ya soko geni hayanunuliki kwa maandishi, hupatikana kwa kufanya kazi palepale. Mama yule wa Malawi ni sababu ya tatu ya Edström na Galbraith iliyovaa viatu vya ghalani.

Lakini sisi wa Dodoma tuna fundisho letu lililo wazi kuliko la kitabu chochote, nalo liko Kongwa hapo, si mbali na mizani ninayoizungumzia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, na mpango ukaidhinishwa wa zaidi ya ekari milioni tatu kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kampuni hiyohiyo ikapewa usimamizi wa mwanzo, hadi shirika la serikali lilipoupokea mwaka 1948. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Tazameni sasa uzoefu wa watu wale. Haukuwa mdogo. United Africa Company ilikuwa imefanya biashara Afrika Magharibi miaka mingi na ilizijua karanga vizuri. Wakefield mwenyewe aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapahapa Tanganyika. Lakini uzoefu wa Afrika Magharibi ulikuwa wa kununua karanga zilizolimwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, na sasa ulitumika kuhalalisha kilimo cha matrekta katika udongo wa Kongwa, ambao ukikauka baada ya mvua hukaza kama tofali, karanga zikabaki ndani. Kumbukumbu za mvua za miaka mingi hazikuwapo, na Wagogo waliokuwa wakizikumbuka njaa zao kwa majina hawakuwa sehemu ya hesabu. Watu walikuwa na uzoefu wa bara lilelile na zao lilelile, isipokuwa kazi ndiyo ilikuwa nyingine, na tofauti hiyo haikuuzuia mpango.

Naomba michango yenu, hasa ya waliofanya kazi chini ya mameneja wa aina hizi, au ambao wenyewe wamepelekwa nje.

Wakala wa Majengo

Mkuu, nashukuru kwa mada. Niliingia katika uwakala wa fedha kwa simu hapa Dodoma mapema sana, na mfano wako unanikumbusha M-Pesa. Huduma ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaletwa Tanzania 2008, ikiwa na uzoefu mkubwa wa jirani nyuma yake, lugha ileile ya mtaani na mtaji wa kutosha. Hata hivyo haikushika kwetu kwa kasi iliyoshika Kenya. Nchi yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000 wakati Kenya ina takriban 580,000, watu wametawanyika zaidi, na hapa kampuni kadhaa za simu zilikuwa zikigombania wateja wakati kule moja ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko. Mimi nilikuwa nikiishiwa floti, yaani salio la wakala la kuwahudumia wateja, saa nne asubuhi na sikuwa na pa kuipata karibu. Mambo yalianza kwenda walipowekwa mawakala wakuu wanaowalisha wadogo floti na kuwasimamia. Kwa hiyo hata uzoefu wa jirani wa mpaka mmoja hauhami ukiwa mzima.

Karani wa Mizani (mleta mada)

Ndugu Wakala, umenisaidia kusema jambo nililolikosa. Ujirani ndio hatari zaidi, kwa sababu mtu aliyetoka mbali angalau anajua kwamba yuko ugenini. Aliyetoka Nairobi au Lusaka anasikia maneno anayoyaelewa, anaona mahindi anayoyajua, na anaacha kuuliza. Hata sisi wenyewe: nilipohamishwa mwaka mmoja kwenda Mbeya nilikwenda na ratiba ya mvua ya Dodoma kichwani, na nilichelewa kuagiza maturubai.

Mwanachuo wa UDOM

Naomba kuongeza mfano wa upande mwingine, wa kukosa kabisa uzoefu. Walmart iliingia Ujerumani mwaka 1997 kwa kununua maduka yaliyokuwapo, na ikaweka uongozi kutoka Marekani ambao haukujua Kijerumani, Kiingereza kikawa lugha ya ofisi ya juu. Mameneja wenyeji waliolijua soko waliondoka mmoja mmoja. Mwaka 2006 kampuni iliuza maduka yake na kuondoka, kwa hasara ya karibu dola bilioni moja. Zipo sababu nyingine, zikiwemo sheria za Ujerumani na ushindani wa maduka ya bei nafuu, lakini nadhani ni vigumu kulitenga suala la uongozi na mengine yote.

Mzaliwa wa Kondoa

Ndugu mleta mada, kwa heshima zote, mimi sikubaliani na msingi wa swali lako. Umetumia maneno mengi kulinganisha mgeni mwenye uzoefu na mgeni asiye na uzoefu, wakati mzee wako wa upakiaji alikuwa na majibu yote ghalani na wewe mwenyewe ulikuwa mkuu wa ununuzi. Kwa nini nafasi ile asipewe mwenyeji, tukaondokana na gharama ya nyumba, shule za watoto na tiketi za ndege? Kila miaka mitatu tunamfundisha mtu kazi, akishaijua anaondoka nayo.

Afisa Utumishi, Area C

Niingie hapo kwa upande wa sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imelitazama jambo hili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa muda usiozidi miezi 24, na kinaweza kuhuishwa. Mwajiri naye anatakiwa awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa yule mgeni. Tatizo ninaloliona mezani ni kwamba mipango mingi ya urithishaji huandikwa kwa ajili ya kibali. Jina la Mtanzania linajazwa, mafunzo yanatajwa, na miaka miwili baadaye mtu yuleyule bado anabeba mafaili. Urithi unaokusudiwa na sheria ni wa ujuzi wa kazi, lakini kile alichokisimulia mleta mada, yaani kuwa na mtu wa kumpigia simu makao makuu, hakiandikwi katika fomu yoyote na hakirithishwi kwa semina.

Karani wa Mizani (mleta mada)

Ndugu wa Kondoa, swali lako ni la haki na limeniuma, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Baada ya yule mama kuondoka tulipata meneja mkazi Mtanzania, mtu mwenye akili na uadilifu, aliyepanda kutoka ngazi za chini kama mimi. Alijua kila korongo. Mwaka wake wa pili makao makuu walibadilisha tena mgawo wa fedha kuwa wa robo zilizo sawa, kwa sababu yule bwana wa idara ya fedha alikuwa amestaafu. Meneja wetu aliandika hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisoma, kurasa sita, zenye takwimu za mvua na bei. Alijibiwa kwa mistari mitatu. Nilikuwapo ofisini alipoisoma ile barua pepe. Aliisoma mara mbili, akafunga kompyuta, akatoka nje akasimama chini ya mkwaju mpaka saa ya chakula. Hakukosa maarifa yoyote ya Singida. Alichokikosa ni kwamba kule walikokuwa wakimsoma hakuna hata mmoja aliyewahi kula naye, na sauti yake kwao ilikuwa ya tawi linalolalamika.

Kwa hiyo siungi mkono kwamba mgeni ni bora. Naunga mkono kwamba mwenyeji apelekwe. Kijana wetu mmoja wa mahesabu alichukuliwa akakaa makao makuu miezi kumi na minane, akirudi nyumbani mara moja tu katikati. Wengi walidhani amekwenda kujifunza mifumo yao. Alichokuja nacho ni kujua nani huamua nini, kikao kipi hukaa lini, na hoja iandikwe vipi ili ipite kabla bajeti haijafungwa mwezi Oktoba. Barua zetu zote zilikuwa zikifika Januari. Miaka yote tulikuwa sahihi, tena tumechelewa, na hakuna aliyetuambia. Aliporudi, hoja ileile ya kurasa sita ilifupishwa ikawa ukurasa mmoja na ikapelekwa Septemba. Ikapita.

Kuna mtafiti aitwaye Harzing ambaye mwaka 2001 aliwafananisha mameneja wanaotumwa nje na dubu, nyuki na buibui: dubu analinda mamlaka ya makao makuu, nyuki anasambaza utamaduni wa kampuni, na buibui anafuma mtandao wa watu kati ya matawi. Kampuni nyingi zilizo kwetu bado zinaleta dubu. Kijana wetu alikwenda kufuma, na uzi wake ulianzia Singida kwenda nje, si kinyume chake.

Mzaliwa wa Kondoa

Nimekuelewa, kaka. Nilikuwa nikifikiri juu ya nani aketi kwenye kiti, nawe unazungumzia njia kati ya kiti na kiti. Hata hivyo niongeze tahadhari: huyo kijana wenu akirudi apewe kazi inayolingana na alichokijua. Ndugu yangu alirudi kutoka makao makuu ya kampuni nyingine akakuta nafasi yake imepewa mtu na yeye amepangiwa dawati la muda. Alikaa miezi saba, akaajiriwa na washindani, na mtandao wake wote akaondoka nao.

Mama Wawili, Singida

Kaka mleta mada, pole na kazi. Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Wiki ijayo nitakuwa mmoja wa watu watano katika jopo la usaili wa meneja wa kanda katika kampuni yetu, na wote watatu walioitwa wameandika uzoefu wa kimataifa, mmoja nchi sita. Tuna dakika arobaini kwa kila mtu. Ungekuwa mimi ungeuliza nini ili umtambue wa Malawi na wa tuzo?

Karani wa Mizani (mleta mada)

Dada, nchi sita ningeziacha pembeni na kumwomba achague moja. Kisha ningeuliza: taja jambo moja ulilolileta kutoka nchi ya kwanza ukaliacha ulipofika ya pili, na unitajie ni nani aliyekuambia uliache. Si lazima jina; cheo chake kinatosha. Ukitajiwa mshauri mwelekezi au mwenzake wa ngazi ya juu, endelea kuuliza. Ukitajiwa dereva, karani, mpakizi au mke wa mkulima, mpe muda aeleze.

Nililiuliza swali hilo mara moja tu, tulipokuwa tukimtafuta msaidizi wa meneja. Mmoja alisema mbinu zake zilifanya kazi kila mahali. Wa pili alianza kueleza habari za maturubai ya Msumbiji na mlinzi wa usiku aliyemwonyesha upande ambao upepo huinua kona, na mwenyekiti wa jopo akataka kumkatiza kwa sababu ya muda. Nilimwomba amwache amalize. Huyo ndiye tuliyemchukua, na msimu huu yuko Manyoni.